Wamekupa Fidia ya Ajali: Ukubali au Ukatae? Mwongozo kwa Tulioko Uganda

Karatasi ilikuwa na kurasa nne, zote kwa Kiingereza. Mdogo wangu alikuwa wodini Kampala, mguu wa kulia umetiwa vyuma, siku ya tisa tangu lori limgonge akiendesha bodaboda ya tajiri wake pale kwenye barabara ya Northern Bypass. Mtu aliyeleta karatasi alikuwa mpole, alikuja na soda na mkate. Alikuwa ameshamshika mgonjwa mkono na kukibonyeza kidole gumba kwenye wino wa bluu. "Hii ni ya kupokelea milioni moja tu, kijana wangu, weka dole hapa." Mama alikuwa kando ya kitanda anaitikia kwa kichwa. Sisi ni watu wa Arua. Nyumbani ni Kinubi na Kiswahili, na mdogo wangu aliacha shule mapema. Siku hiyo hata kama angejua Kiingereza, dawa za maumivu zilikuwa zimemlegeza.

Niliomba niisome kwanza. Ukurasa wa tatu ulisema kwamba kwa milioni hiyo anaiachilia kampuni ya bima, mwenye lori, dereva na mtu mwingine yeyote, kwa madai yote, yanayojulikana na yasiyojulikana, sasa na milele. Nilimfuta mdogo wangu wino kwa kanga ya mama. Yaliyofuata ndiyo yaliyonifundisha haya ninayoandika hapa, na tangu hapo nimekaa na jamaa wengi wa Arua, wa Kisenyi ya Kampala na wa kambi za wakimbizi kusoma karatasi za namna hiyo.

Hatua ya kwanza: usitie saini leo

Hata kama kiasi ni kizuri, usitie saini siku ile ile. Ofa nzuri leo itakuwa nzuri hata wiki ijayo. Mtu akikuambia pesa zinaondoka jioni, mwombe aandike hivyo na kutia jina lake. Chukua nakala ya karatasi, au ipige picha kila ukurasa, na umwambie utamjibu kwa maandishi.

Pesa ya haraka huja wakati hospitali inadai, watoto wanadaiwa ada na kodi ya nyumba imepita mwezi. Ndiyo maana nasema: kabla ya kuijadili ofa, tafuteni kwanza njia ya kuvuka wiki nne au sita. Kikundi cha akiba, mchango wa ukoo, mkopo mdogo wa ndugu. Sisi tuliuza mbuzi wawili. Ile njaa ya mwezi mmoja ndiyo upande wa pili unayoitegemea, na ukishaikinga, unaongea kwa sauti nyingine kabisa.

Hatua ya pili: jua anayekupa ni nani na sheria gani iko nyuma yake

Hapa ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo soma polepole.

Ukigongwa na gari lenye bima ile ya lazima, yenye stika kwenye kioo, sheria ya bima ya magari ya mwaka 1989 imewekea kikomo malipo ya bima hiyo: shilingi milioni 1 kwa mtu mmoja, na milioni 10 kwa ajali nzima hata mkiumia watu ishirini. Kwa hiyo wakala akisema "sheria inaruhusu milioni moja tu", ni kweli kwa bima ile. Kinachofichika ni kwamba kikomo hicho ni cha bima, wala madai yako hayaishii hapo. Mwenye gari bado anawajibika kwa uzembe wa dereva wake akiwa kazini, na kiasi kilichozidi unaweza kumdai yeye. Ukipokea milioni ya bima kwa karatasi inayoiachilia bima peke yake, hujapoteza kitu. Ukiipokea kwa karatasi kama ile ya mdogo wangu, umefunga milango yote kwa bei ya mlango mmoja. Uliza pia kama gari lina bima kubwa (comprehensive), maana hiyo mara nyingi hulipa zaidi kwa watu wa nje, yaani waliogongwa na gari hilo.

Ukiumia kazini, iwe kiwandani, kwenye ujenzi, shambani kwa tajiri au ukiendesha gari la kampuni, kuna sheria ya fidia kwa wafanyakazi. Chini yake huhitaji kuthibitisha kwamba mwajiri alikosea, na hata ukiwa mlikosea wote, unalipwa. Hesabu yake ni ya wazi: ulemavu kamili wa kudumu ni mishahara ya miezi 60, ulemavu wa sehemu ni asilimia ya kiasi hicho. Tuseme unapata 400,000 kwa mwezi. Miezi 60 ni milioni 24. Daktari akikupa ulemavu wa asilimia 20, hiyo ni 4,800,000. Gharama za matibabu ni mzigo wa mwajiri pia, juu ya hiyo. Sasa bosi akikuita ofisini akakupa 1,500,000 "ya kukusaidia", unaona pengo. Sheria hiyo inaruhusu mkubaliane kwa maandishi, lakini makubaliano yasiwe chini ya kile sheria inachokupa. Peleka taarifa kwa afisa wa kazi wa wilaya mapema, usisubiri bosi aipeleke.

Kama gari ni la serikali, lenye namba za UG, au la halmashauri, angalia kalenda. Kesi ya kuumia kwa uzembe wa mtu binafsi au kampuni ina miaka 3 tangu siku ya ajali. Dhidi ya serikali au serikali za mitaa ni miaka 2. Mazungumzo hayasimamishi saa hiyo. Nimeona baba mmoja ambaye kampuni ilimwambia "tunashughulikia" kila mwezi, kwa upole, mpaka miaka mitatu ikapita; siku ya pili simu zikaacha kupokelewa. Andika tarehe ya mwisho kwenye ukuta wa nyumba, kwa mkaa kama hakuna kalamu, na umwone wakili angalau miezi sita kabla yake.

Hatua ya tatu: subiri mwili useme

Huwezi kukubali bei ya mguu ambao hujui utapona vipi. Kwa mifupa, ngoja mpaka daktari aseme umefikia mwisho wa kupona, au angalau aandike anachotarajia. Muulize maswali manne na uombe majibu kwenye karatasi yenye muhuri: Je, mfupa umeshika? Vyuma vitatolewa lini na kwa gharama gani? Kuna ulemavu wa kudumu, na ni asilimia ngapi? Kazi niliyokuwa nafanya nitaiweza tena?

Swali la vyuma ndilo watu husahau. Mdogo wangu aliambiwa arudi baada ya mwaka na nusu vitolewe, kwa makadirio ya 1,500,000. Ofa ya kwanza isingetosha hata hiyo operesheni moja. Hospitali za serikali matibabu yanatakiwa kuwa bure, lakini anayelazwa anajua anachonunua nje: uzi, dawa, picha za eksirei, chakula, hata glavu.

Wakati unasubiri, kusanya karatasi. Ripoti ya ajali ya polisi, mchoro wa eneo la ajali, ripoti ya mkaguzi wa magari, fomu ya polisi iliyojazwa na daktari, kadi ya hospitali, risiti zote. Nunua faili la plastiki. Risiti zinafifia, kwa hiyo zipige picha. Palipo na matumizi bila risiti, kama bodaboda za kwenda kliniki, andika kwenye daftari siku hiyo hiyo: tarehe, kutoka wapi kwenda wapi, shilingi ngapi. Mahakama hutaka hasara za namna hii zithibitishwe moja moja. Hukubali pia ushahidi wa mdomo wenye mantiki pale ambapo risiti haipatikani, na daftari lililoandikwa siku ile lina uzito kuliko kumbukumbu ya miaka miwili.

Hatua ya nne: piga hesabu yako mwenyewe

Usiingie kwenye mazungumzo na kiasi cha upande wa pili tu kichwani. Kaa na mtu anayejua hesabu, mpange mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni hasara zinazohesabika. Ya mdogo wangu ilikuwa hivi. Alikuwa akibaki na 25,000 kwa siku baada ya mafuta, siku sita kwa wiki, maana yake 150,000. Wiki 20 bila kazi ni 3,000,000. Hospitali na dawa 1,850,000. Usafiri 240,000. Kutoa vyuma baadaye 1,500,000. Jumla 6,590,000. Hapo hatukuweka pikipiki yenyewe, maana ilikuwa ya tajiri wake, na madai ya pikipiki yalikuwa yake.

Fungu la pili ni maumivu, ulemavu unaobaki, na maisha yaliyopungua. Hili halina risiti. Hakimu hulipima kwa kuangalia kesi zilizofanana. Na hapa kuna jambo ambalo wachache wanalijua: hukumu za mahakama za Uganda zinasomeka bure kwenye mtandao wa ULII. Mtu anayejua Kiingereza akutafutie hukumu tatu au nne za majeraha kama yako, miaka ya karibuni, na aandike mahakama ilitoa kiasi gani. Usichukue ile kubwa peke yake. Chukua ya katikati.

Hatua ya tano: punguza kwa haki

Kiasi ulichopata si kile utakachopewa. Kuna mambo matatu ya kukipunguzia, na ni afadhali ukipunguze wewe mwenyewe kabla ya mwingine.

Lawama. Kama nawe ulichangia, mahakama hugawa lawama na kupunguza fidia kwa kiasi hicho. Ripoti ya polisi ilisema mdogo wangu alimpita lori upande wa kushoto. Iliniuma, lakini ilikuwa kweli. Tulikadiria robo ya lawama ni yake. Robo tatu ya 6,590,000 ni 4,942,500, kabla ya fungu la pili.

Muda na gharama. Kesi inaweza kwenda miaka. Hakimu wa daraja la kwanza husikiliza madai hadi milioni 20, hakimu mkuu hadi milioni 50, na zaidi ya hapo ni Mahakama Kuu. Kabla ya kusikilizwa mtapelekwa kwenye usuluhishi wa mahakama, na kesi nyingine huishia hapo. Ukishinda unaweza kurudishiwa gharama. Ukishindwa unaweza kuzilipa.

Uwezo wa kulipa. Hili ndilo naliona zito kuliko yote, na ndilo linalozungumzwa kidogo. Hukumu ya milioni 40 dhidi ya mtu asiye na kitu ni karatasi ya kufungia karanga. Kampuni ya mabasi yenye magari thelathini italipa, au dalali wa mahakama atakamata basi. Mwenye lori letu alikuwa na lori moja hilo hilo, na kiwanja Mukono. Tulikwenda tukaliona lori kwa macho, tukauliza majirani. Ukishajua uwezo wake, unajua ofa yake ni ya kweli au ya kukupima.

Ukishapunguza, utakuwa na viwango viwili: kile unachoamini ni haki, na kile ambacho chini yake ni bora uende mahakamani. Cha pili usimwambie mtu yeyote nje ya nyumba.

Hatua ya sita: jibu kwa maandishi

Barua fupi, ukurasa mmoja. Taja tarehe ya ajali, majeraha, jumla ya hasara zako zikiwa zimeorodheshwa, kiasi unachodai, na siku ambayo unataka jibu. Ambatanisha nakala, kamwe usitoe karatasi halisi. Dai zaidi ya kiwango chako cha haki, ila liwe dai unaloweza kulieleza mstari kwa mstari.

Usiape wala kutukana kwenye simu. Usiseme "najisikia nafuu" kwa adabu zetu za Kiswahili. Mtu akikuuliza hali, tunajibu "nzuri" hata tukiwa na homa. Kwenye mazungumzo haya jibu hali yako ilivyo: bado natembelea gongo, usiku silali.

Kampuni ya bima ikikuzungusha au ikikataa bila sababu, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima ya Uganda ina dawati la malalamiko, na huhitaji wakili kulifikia. Peleka barua yenye nakala za mawasiliano yote.

Hatua ya saba: tafuta macho ya pili

Nikiwa na la kusisitiza ni hili. Lipa wakili wa kusoma karatasi hata kama huna uwezo wa kumlipa aendeshe kesi. Wengi hutoza ada ndogo kwa ushauri wa saa moja. Uliza kama ana leseni ya mwaka huu. Akikuambia atachukua asilimia fulani ya hukumu badala ya ada, jua kwamba kanuni za maadili ya mawakili Uganda zinakataza mpango huo. Ada mkubaliane kwa maandishi. Akila pesa zako, malalamiko yanakwenda Law Council, chombo kinachosimamia nidhamu ya mawakili.

Usiye na pesa, kuna mradi wa msaada wa sheria wa Uganda Law Society, Justice Centres Uganda, kliniki ya sheria ya Law Development Centre, na FIDA Uganda kwa kina mama. Wafanyakazi waende Platform for Labour Action. Ndugu zetu wakimbizi kutoka Kongo, Sudan Kusini na kwingineko, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kufika mahakamani kama mtu mwingine. Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere inawasaidia. Hakuna anayeweza kukuambia huna madai kwa sababu una kadi ya mkimbizi.

Kaa mbali na wale wanaozunguka wodini wakisema wanajuana na mtu kwenye bima.

Hatua ya nane: soma karatasi yenyewe

Sasa tuseme kiasi kimekaribia. Karatasi ndiyo mkataba. Maneno ya mdomo yameisha. Tafuta haya.

Maneno "full and final settlement" yana maana kwamba hakuna kudai tena, hata mfupa ukikatika upya mahali pale pale. Yakiwepo, kiasi kiwe kimebeba na ya kesho. Angalia majina ya wanaoachiliwa: bima tu, au bima na mwenye gari na dereva? Kila jina unalolikubali lazima liwe limelipia nafasi yake. Angalia kama matibabu ya baadaye yametajwa. Angalia tarehe ya malipo. Kipengele cha "without admission of liability", yaani wanalipa bila kukiri kosa, kisikuchomeshe moyo, hakikupunguzii shilingi.

Kama ni mtoto aliyeumia na kesi iko mahakamani, mzazi hawezi kukubaliana peke yake. Inahitajika ruhusa ya mahakama. Makubaliano yakifanyika wakati kesi inaendelea, yasajiliwe kama hukumu ya maridhiano. Hiyo ina nguvu ya hukumu yoyote, ila nayo ni ngumu kuitengua, isipokuwa kwa udanganyifu au jambo la uzito huo.

Na sasa lile la lugha. Uganda ina sheria ya kulinda wasiojua kusoma. Inamhesabu mtu kuwa hajui kusoma kwa karatasi fulani ikiwa hawezi kuisoma na kuielewa lugha iliyoandikwa. Unaweza kuwa mwalimu wa Kiswahili. Karatasi ikiwa ya Kiingereza na hukielewi, wewe unalindwa. Aliyeiandika lazima akusomee na kukueleza mpaka uelewe, na aandike kwenye karatasi kwamba alifanya hivyo, pamoja na jina na anwani yake. Dai jambo hilo. Sema: "Nitafsirieni kwa Kiswahili, na mtafsiri aandike jina lake hapa chini." Kwenye chumba kile cha wodi, sentensi hiyo moja ndiyo iliyomfanya yule mpole akunje karatasi zake na kuaga.

Hatua ya tisa: siku ya malipo

Sisi tulikubali 8,000,000 kutoka kwa mwenye lori, mbali na milioni ya bima tuliyoipokea kwa karatasi yake peke yake. Wakili aliona mahakama ingeweza kutoa zaidi. Lakini lori lilikuwa moja, robo ya lawama ilikuwa yetu, na mdogo wangu alitaka kurudi kazini akiwa na pikipiki yake mwenyewe. Ni yeye aliyeamua, baada ya kusomewa kila mstari kwa Kiswahili mara mbili.

Zililipwa kwa awamu: milioni tano siku ya saini, milioni tatu baada ya siku 60. Tuliandika kwamba mwenye lori akichelewa, madai yetu yote yanarudi kama yalivyokuwa, na zile tano zinahesabiwa kama malipo ya sehemu. Alichelewa. Tulimtumia barua moja inayotaja kipengele hicho, na ndani ya wiki mbili pesa iliingia.

Pokea benki au kwa simu, kwa jina la aliyeumia, ili kuwe na kumbukumbu. Hundi isikufanye utie saini mpaka pesa iwe imeingia. Shahidi mmoja awe wa upande wako. Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, akiweka muhuri ni vizuri zaidi. Kila upande ubaki na karatasi halisi. Kama polisi wana faili la makosa ya barabarani dhidi ya dereva, hilo ni la serikali, msikubali kuandika kwamba fidia inalifuta.

Karatasi halisi ya kwetu iko ndani ya lile faili la plastiki, juu ya kabati la mama huko Arua, na risiti ya kutoa vyuma imeongezwa humo mwezi uliopita.